Mnunuzi Anayejua

Bei ni maelewano, ndivyo tunavyosema. Mwenye mali ataje bei yake, mwenye hela apunguze kidogo, wafike mahali pamoja, wapeane mikono na kila mtu ashike njia yake. Msemo mzuri. Lakini, ndugu msomaji, kuna swali ambalo limenikaa rohoni kwa miaka mitatu sasa: hayo maelewano ni kitu gani pale ambapo mmoja anaelewa na mwingine haelewi?

Nauliza kwa sababu mimi ni mnunuzi. Nanunua magitaa makavu, yale yasiyotaka umeme, tena si yote, bali yale ya zamani yaliyotengenezwa Japani miaka ya sitini na sabini. Najua wapo watakaocheka. Mtu wa Tarime akusanye ng'ombe, bwana, magitaa ya nini? Baba yangu mdogo alishaniuliza mbele ya wageni, "Mura, haya makopo yako yataoa mke gani?" Ninayo saba, yananing'inia ukutani, na kila jioni nashusha moja nalipiga mpaka majirani wanachoka.

Mtu atashangaa magitaa ya Kijapani yalifikaje huku. Yalifika kama vitu vingi vilivyofika, kwa mikono ya wageni waliokuja na kuondoka. Wamenonaiti waliingia Shirati mwaka 1934, mapadri wa Maryknoll wakakabidhiwa Musoma mwaka 1946, na baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kumalizika mwaka 1965 gitaa likaruhusiwa kukaa karibu na altare. Walikuja pia walimu wa sekondari, madaktari, mabwana shamba. Mgeni akimaliza mkataba wake hafungi safari na gitaa, analiacha kwa mpishi, kwa katekista, kwa kijana wa kwaya. Mengine yalipita Sirari kutoka Kenya, mgongoni kwa watu waliokwenda kutafuta maisha Kisumu na Nairobi.

Tena gitaa halikuja kwenye nyumba tupu. Wakurya tuna litungu, nyuzi nane juu ya bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi. Jirani zetu Wajaluo wana nyatiti, nyuzi nane vilevile. D.O. Misiani, ambaye benga lake lilichezwa kotekote Kenya na Tanzania, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande ambao tulizoea kuuita Tarime yote (Rorya imemegwa juzi tu, 2007). Mtu aliyelelewa na sauti ya nyatiti hahitaji kufundishwa gitaa lifanye nini. Nyuzi zikikatika na duka liko mbali, watu walichomoa waya wa breki ya baiskeli na muziki ukaendelea.

Sasa, ukipewa gitaa la zamani, usilitazame usoni. Chungulia ndani ya lile shimo la sauti. Ukiona kikaratasi chekundu kilichoandikwa Nippon Gakki, hilo ni jina la zamani la kampuni ya Yamaha ya mjini Hamamatsu, basi umeshika kitu. Mwaka 1966 walitoa modeli mbili, FG-150 na FG-180. Herufi hizo ni kifupi cha gitaa la nyimbo za kienyeji, na namba ni bei yenyewe: lile la 180 liliuzwa yeni 18,000. Bei imeandikwa ndani ya jina! Hebu fikiria mtu anaitwa Laki Mbili na anazeeka na jina hilo.

Yalikuwa magitaa ya wanafunzi. Ubao wake wa juu ni wa plaiwudi, fundi mwenye kiburi angelikunjia pua. Lakini yalijengwa kwa nidhamu, na sauti yake ina unene fulani ambao siwezi kuueleza kwa kalamu. Country Joe McDonald alipanda jukwaani Woodstock, Marekani, mwezi wa Agosti 1969, akiwa na FG-150 aliyoifunga kamba badala ya mkanda. Baadaye utengenezaji ulihamia Taiwan, kisha nchi nyingine za Asia ambako mikono ilikuwa rahisi zaidi, na yale ya kikaratasi chekundu yakawa hayatengenezwi tena. Vijana waliojifunzia juu yake wamezeeka na wana hela, wanataka ujana wao urudi. Kwa hiyo gitaa la mwanafunzi leo linauzwa huko kwa dola mia kadhaa, kutegemea hali yake.

Hayo yote nayajua mimi. Simu yangu inayajua. Mama mmoja mjane, katika kijiji nje ya Mugumu upande wa kuelekea hifadhini, hakuyajua. Marehemu mumewe aliachiwa gitaa na mgeni mmoja zamani, na mjukuu wake wa miaka kumi na minne alikuwa akilipigia kwaya ya kanisani. Nilisikia habari zake kwa fundi baiskeli, nikapanda bodaboda. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, uji ukaletwa, gitaa likatolewa chumbani. FG-180. Kikaratasi chekundu, ufa mdogo ubavuni, nyuzi mbili ni waya wa breki.

"Ukiwa na elfu arobaini, chukua," akasema. "Nataka kununua mbuzi jike."

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa, nikiwa na hela mfukoni na kikombe cha uji mkononi.

Wenzangu wengi wananiambia hakuna swali. Wewe hukumdanganya, ametaja bei mwenyewe, tena mwenye akili timamu. Nenda mnadani uone kama kuna mtu anamwambia mwuzaji, mzee, huyu dume wako ana thamani zaidi. Kweli, hakuna. Lakini tuutazame huo mnada vizuri. Mnunuzi anabinya nundu, anafungua mdomo wa ng'ombe ahesabu meno, anamtembeza aone miguu. Mwuzaji anamtazama na kucheka kimoyomoyo, kwa kuwa mambo hayo aliyajua kabla hajajua kuoga. Wote wawili wamekulia zizini. Mmoja akizidiwa, amezidiwa katika mchezo anaoujua. Hata litungu ni hivyo: anayeliuza anajua mti ulikatwa wapi, ngozi ni ya mnyama gani, na fundi ni nani. Ujanja wa mnadani una heshima yake kwa sababu kila mmoja ana macho. Yule mama, mbele ya kikaratasi kilichoandikwa huko Hamamatsu, hakuwa na macho, na mimi ndiye niliyekuwa nayo yote manne.

Mwingine, mtu wa dini sana, alinijibu kwa Injili. Si Mathayo sura ya kumi na tatu inasimulia mtu aliyekuta hazina shambani, akaificha, akaenda kuuza vyote alivyo navyo akalinunua shamba lile? Na Bwana akamsifu! Nimesikia mahubiri ya mfano huo tangu utoto, na sijasikia padri wala mchungaji hata mmoja akiuliza habari za mwenye shamba. Yule bwana alikwenda wapi baada ya kuuza? Alipopita njiani akaona mwenzake anachimba, alisema nini mkewe? Naelewa kwamba mfano unahusu ufalme wa mbinguni, hauhusu biashara ya viwanja. Lakini tusiutoe mfano mahali pake tukaufanya leseni. Sisi wa Tarime hasa tungepaswa kuwa waangalifu na hadithi za hazina shambani. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji pale Nyamongo mwaka 2002, na tangu hapo kila mtu wa huku anajua kwamba shamba la juu na shamba la chini ni vitu viwili, na kwamba kwa sheria madini ni mali ya Jamhuri, na kwamba thamani ya ardhi inategemea sana nani amekuja na kifaa cha kupimia.

Sheria haikunisaidia. Sheria yetu ya Mikataba imefuata ile ya India ya mwaka 1872, ambayo Mwingereza aliitunga huko akatuletea, na humo imeandikwa wazi kwamba kunyamaza tu si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema. Ndiyo, lakini swali langu ndilo hilo: nina wajibu au sina? Sheria imenirudishia mpira.

Kumbe swali lenyewe ni la kale. Cicero, mwanasheria wa Kirumi, aliliandikia kitabu kuhusu wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo. Anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili juu ya mfanyabiashara aliyepeleka ngano kisiwani Rhodes wakati wa njaa, akijua kwamba meli nyingine nyingi ziko nyuma yake. Aseme, au auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli akasema kunyamaza si kuficha. Antipater akasema mtu hana haki ya kumficha mwenzake jambo ambalo lingemfaa kulijua. Mfano huo hutajwa sana. Ila mimi ulionigusa ni mwingine, mdogo, ulio kurasa chache mbele na unaohusu mnunuzi. Scaevola alikuwa ananunua shamba. Akamwomba mwenye shamba ataje bei ya mwisho, naye akataja. Scaevola akamjibu kwamba yeye analithamini zaidi ya hapo, akaongeza sesta 100,000 juu yake. Cicero anaongeza kwamba watu wote walikiri kuwa hilo ni tendo la mtu mwema, ila walikataa kuwa ni la mtu mwenye busara. Zaidi ya miaka elfu mbili, na bado ukisimulia kisa hicho kijiweni jibu ni lilelile: mwema, lakini boya.

Rafiki yangu Mwislamu wa Musoma akanipa kingine, na nakiri ndicho kilichonimaliza nguvu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kutoka nje ya mji kuwapokea wenye misafara na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni. Na aliyeuza kwa namna hiyo, akifika sokoni akaijua bei, ana hiari ya kuvunja mauzo. Soma tena, msomaji. Katazo hilo halihusu uongo. Linahusu safari: ni haramu kuwahi mbele ya habari. Na mimi nilipopanda bodaboda ile kuelekea kijijini, nilikuwa nafanya nini kama si kuulaki msafara?

Tulizoea kumwita mlanguzi mtu anayeficha sukari na sabuni. Mwaka 1983 waliwindwa nchi nzima, magunia yakafukuliwa chini ya vitanda. Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alipotafsiri ile tamthilia ya Shakespeare ya wafanyabiashara wa Venice, kitabu kikatoka mwaka 1969, wale wafanyabiashara kwenye jina la kitabu aliwaita mabepari, hakuwabembeleza. Siku hizi neno mlanguzi limezeeka, soko ni huria. Lakini naona ulanguzi wenyewe haukufa, umehama tu kutoka kwenye sukari kwenda kwenye habari. Anayeficha bei ya Tokyo chini ya ulimi wake naye ana gunia chini ya kitanda.

Basi nilimwambia. Nikasema, "Mama, hili si la elfu arobaini. Likipata anayelitaka, linaweza kufika laki nane." Nikamweleza pia kwamba huyo anayelitaka hayuko Mugumu, wala Musoma, kwamba kulisafirisha ni gharama, kwamba ufa ule unapunguza, kwamba mimi mwenyewe ningeweza kumpa laki tatu siku ileile na kumwonyesha kwenye simu kwa nini si nane. Nilieleza polepole, kwa Kiswahili na kwa Kikurya. Lakini namba ina sauti kubwa kuliko maelezo. Alisikia laki nane. Akakaa kimya, akaliangalia lile gitaa kama mtu anayemwangalia mtoto wa jirani na kugundua ni wa ukoo wake. Kisha akalirudisha chumbani mwenyewe, hakumpa mjukuu alibebe.

Sikulinunua. Wiki ile mtoto wake mkubwa alikuja kutoka Mwanza, na wa pili akapiga simu kutoka Geita, kila mmoja akikumbuka kwamba marehemu baba alimwahidi yeye. Gitaa likawekwa kwenye sanduku la bati, likafungwa kufuli. Kijana akakatazwa kuligusa. Kwaya ikabaki na ngoma na kayamba. Nilipopita tena baada ya miezi miwili yule mama hakuninyima uji, ila aliniuliza, "Mura, wewe ulikuja kununua au ulikuja kuleta maneno?"

Hapo sasa rafiki zangu wakashangilia. Mmoja alinipigia hesabu mezani kwa vifuniko vya soda. Ungelichukua kwa elfu arobaini, ukamwongezea kumi ya sukari. Ungemnunulia mjukuu gitaa jipya la Kichina, la kung'aa, lenye nyuzi zote sita. Bibi ana mbuzi, kijana ana gitaa zuri kuliko la kwanza, kwaya inaimba, ndugu hawajagombana, na wewe una FG-180 ukutani. Kila mtu amefurahi. Ukweli wako umemfurahisha nani?

Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuipuuza kwa maneno matamu. Naikataa, lakini kwa sababu moja tu: furaha yote hiyo ingesimama juu ya mguu mmoja, nao ni yule mama kutojua. Mimi ningekuwa nimeamua kwa niaba yake ni kiasi gani cha dunia kinamtosha. Wazee wa Usagara mwaka 1884 waliweka alama zao kwenye karatasi za Carl Peters, karatasi wasizoweza kuzisoma, nao walipewa zawadi. Tungeweza kuhesabu vifuniko vya soda hapo pia. Kipimo changu ni cha kijinga lakini sijapata kingine: je, mauzo haya naweza kumsimulia mwenye mali mwaka ujao, tukiwa tumekaa, nikimtazama machoni? Hadithi ya vifuniko vya soda haisimuliki kwake. Hadithi ya laki nane inasimulika, hata kama anaichukia.

Wala kufuli si hoja dhidi yangu. Gitaa ni lake, na mwenye mali ana haki ya kulifungia, kuliuza, kulirithisha, hata kulichomea mahindi. Kama familia inagombana juu ya mali, walau inagombana juu ya mali yake yenyewe.

Kinachonikosesha usingizi ni yule kijana. Katika mizani yote niliyoitaja, ya Cicero, ya msafara, ya sheria ya India, yeye hayumo. Hakuwa mwuzaji wala mnunuzi. Alikuwa mpigaji tu. Kabla sijafika, lile gitaa lilikuwa mali ya bibi kwa jina na mali yake kwa vidole, na hakuna aliyeona tofauti. Nilipotaja namba, tofauti ikaonekana. Aristotle alisema filimbi bora wapewe wanaopiga vizuri zaidi, si wenye ukoo bora wala sura bora. Neno zuri, ila hakutuambia nani atamnyang'anya bibi kizee funguo za sanduku. Na ala isiyopigwa haikai vilevile ikisubiri. Mbao zinakauka kiangazi cha Julai, gundi inaachia, shingo inavutwa na nyuzi zilizosahaulika zimekazwa mpaka huwezi kubonyeza tena. Nimeona picha za ala zetu zilizoko makumbusho ya Ulaya, kama kule Tervuren, Ubelgiji, zimepangwa vizuri, zina namba na taa. Hazina vidole. Nami mwenye saba ukutani sina ubavu wa kuwacheka Wabelgiji, kwani jioni ina saa chache na mikono yangu ni miwili.

Je, nina deni kwa kijana huyo? Haki ya kununua na kuuza inasema hapana. Nilichokuwa nadaiwa nilikilipa kwa bibi yake. Lakini najua vilevile kwamba nilikuta muziki katika nyumba ile na nikaacha kufuli, na kwamba ningesema maneno yaleyale kesho. Mambo hayo mawili yanakaa ndani yangu bila kusalimiana. Sijasoma mwanafalsafa aliyeyapatanisha, na wale wanaosema ukisema kweli yote mengine hujipanga yenyewe hawajawahi kukaa kwenye kigoda cha jiko lile.

Mwezi wa tatu nilimpelekea moja la kwangu aazime, Suzuki la zamani lenye mikwaruzo mingi. Nilimwuliza bibi kwanza, akasema la kuazima halina neno. Kijana akalipokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani ya shimo kama alivyoniona nikifanya. Akaniuliza, "Na hili ni bei gani?"

Nikamtajia. Akatingisha kichwa, akalipiga kidogo, kisha akauliza kama waya wa breki unaweza kulifaa, maana uzi wa kwanza ulikuwa umekatika njiani na pale Mugumu alishatafuta akakosa. Nikamwambia avumilie mpaka Jumamosi, nitamletea uzi kutoka Musoma.